Salamu ya HDMI: kinachopita kwenye waya kabla ya picha

Projekta imewaka na inamulika ukuta vizuri. King'amuzi nacho kiko hewani, waya umechomekwa pande zote mbili, lakini ukutani yanatokea maneno "No Signal". Wengi wetu hapa Dar es Salaam tukifika hapo tunahukumu haraka: waya ni mbovu, au projekta imekufa. Safari ya Kariakoo inaanza, waya mpya unanunuliwa, na maneno yaleyale yanarudi. Inauma kuona watu wakiuza kwa bei ya kutupa projekta ambazo hazina ubovu wowote, kwa sababu tu vifaa viwili havijaelewana. Kuelewana huko ndiko mafundi wanakokuita hendisheki, yaani salamu ya HDMI, waya huo unaobeba picha na sauti kwa pamoja.

Ule waya wa AV wa zamani wenye plagi ya njano ulisukuma picha tu, awepo wa kuipokea asiwepo. HDMI, ambayo ilianza mwaka 2002, haifanyi hivyo. Plagi yake ina pini 19, na baadhi ya pini hizo hazibebi picha kabisa, kazi yake ni mazungumzo. Kifaa kinachotoa picha, kiwe king'amuzi au laptop, hupeleka umeme wa volti 5 kupitia pini ya 18. Projekta ikiupata, hujibu kwa pini ya 19 kwamba ipo. Ndipo king'amuzi husoma, kupitia pini za 15 na 16, taarifa fupi iliyohifadhiwa ndani ya projekta iitwayo EDID: nani ameitengeneza, inapokea picha za ukubwa gani, fremu ngapi kwa sekunde. King'amuzi huchagua picha inayofaa na kuanza kuituma. Kama kinachoonyeshwa kina ulinzi wa hakimiliki, kuna hatua moja zaidi ya HDCP, mfumo uliobuniwa na Intel: king'amuzi huhakikisha kwamba projekta inaruhusiwa kupokea, kisha hutuma picha iliyofungwa kwa siri ambayo projekta pekee inaweza kuifungua.

Yote hayo huisha ndani ya muda mfupi sana, kwa hiyo hatuyaoni. Yakikwama, kila hatua hukwama kwa namna yake, na ukutani kunakuwa na dalili ya kusomeka. "No Signal" maana yake projekta haipati chochote: huenda umechagua tundu lisilo lake kwenye rimoti (HDMI 1 badala ya HDMI 2, na hili ndilo la kuangalia kwanza kabisa), au plagi imelegea, au salamu haikuanza. Ikiandika kwamba picha iko nje ya uwezo wake, salamu ilianza lakini king'amuzi au laptop imechagua picha ambayo projekta haiwezi. Punguza ukubwa wa picha kwenye mipangilio. Rangi zikigeuka waridi au kijani kila mahali, vifaa vimetofautiana kuhusu namna ya kuandika rangi. Zote hizo si sababu ya kununua projekta nyingine.

Kwetu kuna chanzo kimoja cha tatizo hili ambacho vitabu vya maelekezo havikisemi: umeme kukatika. Ukirudi, king'amuzi mara nyingi huwaka chenyewe, wakati projekta inabaki imelala ikisubiri rimoti. King'amuzi kinauliza, hakijibiwi sawasawa, kinajiamulia. Unapoiwasha projekta baadaye, vifaa vinaweza kuwa vimeshapishana. Dawa yake ni kuvizima vyote na kuanza upya kwa mpangilio: projekta kwanza, uchague tundu lake, uiache ikae sawa, kisha king'amuzi kiwe cha mwisho. Ila projekta ya taa usiichomoe ukutani ikiwa ya moto. Izime kwa rimoti, subiri feni imalize kupoza taa, ndipo uguse waya.

Halafu kuna urefu wa waya, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Dukani projekta inajaribiwa kwa waya wa mita moja na nusu, inatoa picha safi. Nyumbani inafungwa kwenye dari, king'amuzi kinabaki kwenye stendi chini ya ukuta wa mbele, na waya unapitishwa juu ya jipsamu hadi kufika mita 15. Uzito wa picha nao una nafasi yake. Toleo la HDMI 1.4 la mwaka 2009 liliishia 4K (picha yenye nukta mara nne ya 1080p) ya fremu 30 kwa sekunde. Toleo la HDMI 2.0 la mwaka 2013 lilifika gigabiti 18 za data kwa sekunde ili 4K ya fremu 60 iwezekane. Mzigo huo kwenye waya wa kawaida wa shaba huanza kuchoka baada ya mita chache: unaona nukta nyeupe zinametameta, picha inakatika na kurudi, mwisho inapotea. Kipimo cha uhakika hakina gharama. Beba king'amuzi hadi ilipo projekta, uunganishe kwa waya mfupi. Picha ikikaa, waya wa darini ndio wenye kosa. Teremsha picha hadi 1080p, au nunua waya wa HDMI wa faiba, unaopitisha picha kwa mwanga badala ya shaba. Huu wa faiba una upande: plagi moja imeandikwa kwamba ni ya kifaa kinachotoa picha, nyingine ya skrini. Ukiugeuza hautafanya kazi hata kama ni mpya, kwa hiyo ujaribu ukiwa sakafuni kabla fundi hajafunga dari.

Dalili inayochanganya watu kuliko zote ni hii: menyu inaonekana vizuri, lakini filamu ikianza ukuta unakuwa mweusi, pengine sauti ikiendelea. Waya ni mzima. HDCP ndiyo imekataa. Filamu nyingi za 4K hudai toleo la HDCP 2.2, ambayo projekta za zamani hazina, na kifaa kimoja tu cha katikati, kama spilita inayogawa picha kwa projekta na TV ya chumba kingine, kinatosha kuvunja salamu nzima. Kiondoe, uunganishe moja kwa moja, kisha ujaribu tena kwa 1080p.

Adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA, tundu la picha la kompyuta za zamani, inafaa kwa slaidi za semina au harusi, lakini VGA haina HDCP, kwa hiyo filamu zilizolindwa zitagoma. Simu nayo, hata ikiwa na tundu la Type-C, si lazima itoe picha kwa waya. Nyingi tundu hilo ni la kuchaji na kuhamisha mafaili tu, na hakuna adapta itakayolibadilisha.