Samadi ikiingia Mto Zigi sio mbolea tena

Masika ikikaribia tu malalamiko yanaanza. Inzi, harufu, kisima cha jirani kimebadilika rangi, na ukifika unakuta yaleyale, rundo la samadi la miezi kadhaa limekaa pembeni ya mfereji linangoja mvua ilisombe. Wafugaji wa Tanga tunawaheshimu, mji huu unakunywa maziwa yenu, ndio maana tunaelimisha kwanza.

Ila hili la "samadi ni kitu cha asili haina madhara" naomba liishie hapa. Mkojo nao ni wa asili, mbona hunywi? Naitrojeni na fosforasi inayonenepesha mahindi yako ikiingia majini inanenepesha mwani na magugumaji, vikifa vikaoza vinamaliza oksijeni na samaki wanakosa hewa. Sasa Mto Zigi unaingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndio maji ya bomba ya Tanga mjini, kwahiyo kinachotoka bandani kwako huko juu wewe na wanao mnaweza kukutana nacho tena kwenye ndoo.

Wenye visima nao wasijione salama. Huku kwetu kuna sehemu nyingi chini ni mawe ya chokaa, jiwe lilelile la Mapango ya Amboni, limejaa nyufa, maji yanapita moja kwa moja bila kuchujwa. Naitreti, yaani naitrojeni ya samadi ikishageuka na kuyeyuka majini, haina rangi wala harufu na kuchemsha hakuiondoi, tena maji yakipungua kwenye sufuria yenyewe inazidi ukali. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 50 kwa lita, kwa sababu mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni.

Kuhifadhi sio kazi ngumu kihivyo. Ng'ombe mkubwa wa maziwa anatoa kilo 20 mpaka 30 za kinyesi kwa siku, wenye watano piga hesabu ya mwezi. Weka lundo mahali palipoinuka, mbali na kisima, chini pashindilie, changanya na mabaki ya matete au mabua, funika kwa turubai au makuti, geuza kila baada ya wiki mbili hivi. Chomeka chuma katikati, kikitoka cha moto hakishikiki ujue linaiva, joto la nyuzi 55 na kupanda ndio linaua vijidudu na mbegu za magugu. Na mkojo jamani, naitrojeni nyingi iko humo, nyie mnaupiga maji uende mtaroni halafu mnakwenda dukani kununua yurea! Tandikeni majani makavu yaunywe.

Sasa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mto, bwawa au ufukwe. Mita, sio hatua zako. Lalamiko lianzie kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, likishindikana liende kwa afisa mazingira wa halmashauri, yeye anakagua, na inaweza kutolewa amri ya kuzuia au kurejesha mazingira yenye muda wa kutekeleza, na gharama ya kusafisha inamwangukia aliyechafua. Ukipuuza amri hilo ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Kufifilisha kosa, yaani kulimaliza kwa kulipa bila kwenda mahakamani, kupo, lakini lazima ukiri kwa maandishi, sio kwa kumpigia simu afisa usiku. Ukikataa ni mahakamani, na huko kwa uchafuzi kuna faini ya mamilioni, kifungo, au vyote viwili. "Hata babu alikuwa anatupa hapohapo" haijawahi kuwa utetezi, nimeisikia mara nyingi nimechoka.

Wenye kirikuu mnaopeleka samadi kwa wakulima wa mboga, mnafanya kazi nzuri, ila funikeni mzigo na msioshee gari mtoni.