Msukumo wa neva ni nini?

Ukijikwaa, kwanza unajua kidole kimegonga kitu. Yale maumivu ya kuwaka yanakuja baadaye kidogo. Habari zote mbili zimepita kwenye neva kwa njia ya umeme, ila si umeme kama wa kwenye waya.

Kwenye waya, elektroni husogea kufuata urefu wa waya. Kwenye neva zinazosogea ni ioni, yaani atomu zenye chaji, na hakuna hata moja inayosafiri kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo. Zinavuka tu utando wa seli, kuingia au kutoka, palepale zilipo.

Seli ikitulia, ndani huwa hasi kuliko nje, takriban milivolti −70. Sodiamu imejaa nje, potasiamu ndani. Pampu za kwenye utando ndizo zinazotunza tofauti hiyo: kila mzunguko zinatoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, usiku na mchana, hata ukiwa usingizini.

Kichocheo kikiisogeza volteji hadi karibu −55, milango ya sodiamu inafunguka. Sodiamu inamiminika ndani, na ndani panageuka chanya, kama +30 hivi. Milango hiyo inajifunga, ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, hali inarudi. Huo ndio msukumo, na yote hayo ndani ya milisekunde 1 au 2! Kiwango kile cha −55 kisipofikiwa, hakuna kitu. Nusu msukumo haupo. Kwa hiyo kichocheo kikali hakileti misukumo mikubwa, bali mingi zaidi kwa sekunde.

Badiliko la sehemu moja huamsha milango ya jirani, nayo huamsha inayofuata. Msukumo haurudi nyuma kwa sababu milango iliyotoka kufunguka hugoma kwa muda mfupi. Waingereza Hodgkin na Huxley waliyaeleza haya kwa hesabu mwaka 1952, wakitumia neva ya ngisi, nene kiasi cha kuingizwa waya mwembamba ndani yake.

Mwishoni mwa seli, msukumo huachilia kemikali zinazovuka upenyo mdogo, sinapsi, na kuiamsha seli inayofuata.

Sasa kile kidole. Nyuzi za mguso zimevikwa mielini, ala ya mafuta yenye mapengo, na msukumo huruka kutoka pengo hadi pengo, mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Nyuzi za maumivu ya kuwaka hazina ala hiyo. Zinakwenda kama mita 1 tu kwa sekunde, na mguu wa mtu mzima una urefu wa karibu mita nzima.