Kukaa na makosa ya wenzetu: namna ya kuitumia taarifa ya watahini katika Hisabati ya Kidato cha Nne

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa, kwa kila somo la Kidato cha Nne, taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuisoma bila malipo katika tovuti ya Baraza. Taarifa hiyo hupitia swali moja baada ya jingine: swali lilidai nini, watahiniwa wangapi walipata alama za juu, za kati na za chini, waliofaulu walifuata njia gani, na walioshindwa walipotelea wapi. Baadhi ya majibu huwekwa humo kama yalivyoandikwa, kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Nimefundisha Hisabati katika shule za sekondari za Mbeya kwa miaka mingi, nimesahihisha mitihani ya utimilifu ya mkoa nikiwa na walimu wa wilaya nyingine, na ninaamini kwamba kurasa zenye mwandiko huo ndizo zinazostahili muda mrefu kuliko kurasa nyingine zote.

Nilichelewa kulijua hilo. Mwanzoni nilikuwa nafungua jedwali la mwisho, ambamo kila mada imepakwa rangi kulingana na ufaulu wake, naandika pembeni mada zote zenye rangi nyekundu, kisha naingia darasani na kuzifundisha upya kwa mifano mingi zaidi. Mtihani uliofuata, wanafunzi wangu walirudia makosa yaleyale. Rangi ilikuwa imenionyesha mada iliyoshindikana, lakini nilichohitaji kujua ni kile ambacho mwanafunzi alikuwa anafikiri wakati anaandika mstari wa pili wa jibu lake.

Tuchukue mfano wa logi, yaani kipeo ambacho 10 huinuliwa ili kuipata namba fulani, kwa sababu kosa lake ni la kale na huonekana karibu kila ninaposhika rundo la karatasi. Mwanafunzi anaambiwa atafute x iwapo log x + log (x − 3) = 1. Wengi huandika, bila kusita, log (2x − 3) = 1, wakapata 2x − 3 = 10 na x = 6.5. Hesabu iliyofuata ni safi kabisa. Mwanafunzi huyu anajua kwamba logi ya 10 ni 1, na anajua kuhamisha namba kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda upande wa pili. Alichofanya ni kulichukulia neno la logi kama kizio kinachoweza kutolewa nje ya mabano, kama vile mtu anavyojumlisha debe la viazi na debe lingine la viazi. Ukimfundisha upya kanuni, kwamba kujumlisha logi ni kuzidisha namba zake, bila kuligusa wazo hilo, atainakili kanuni, ataikariri, na siku ya mtihani atarudi kwenye madebe yake. Ukimpa namba ndogo akague mwenyewe, kwa mfano alinganishe log 10 + log 10, ambayo ni 2, na log 20, ambayo haifiki hata 1.5, wazo lenyewe huvunjika mbele ya macho yake. Hapo ndipo x(x − 3) = 10 huwa na maana kwake, na majibu 5 na −2 hutokea. Bado kuna hatua moja ambayo hata wanafunzi wazuri huiacha, yaani kuandika kwamba −2 halifai kwa sababu namba hasi haina logi. Msahihishaji hawezi kumpa mtu alama ya jambo aliloliwaza tu bila kuliandika.

Kosa la aina nyingine hutokana na kuziona namba kabla ya kulisoma swali. Niliwahi kuwapa wanafunzi swali la daladala mbili zinazoanza safari pamoja Mwanjelwa, moja ikiondoka kila baada ya dakika 12 na nyingine kila baada ya dakika 18, nikauliza zitaondoka tena pamoja baada ya dakika ngapi. Karibu nusu ya darasa walitafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika, wakajibu 6. Niliwauliza ni daladala ipi inayoondoka dakika ya sita, na darasa likanyamaza, kwa kuwa hakuna hata moja. Wote walijua kutafuta KKS na KDS, na kila mmoja angeweza kupata 36 kama angeambiwa atafute Kigawe Kidogo cha Shirika. Hawakuwa wamezoea kulirudisha jibu ndani ya hadithi ya swali na kuuliza kama linawezekana. Taarifa za watahini hulitaja jambo hili mwaka baada ya mwaka, kwamba watahiniwa hushindwa kuligeuza swali la maneno kuwa swali la hisabati.

Katika maswali hayo ya maneno lugha nayo ina sehemu yake, na sipendi walimu tuipite haraka. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amejifunza hesabu kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha mtihani wa Kidato cha Nne anaukuta kwa Kiingereza. Mwaka mmoja nilisahihisha swali la kutafuta, kwa grafu, faida kubwa kabisa ya mkulima wa Uyole mwenye viazi na mahindi, ambaye masharti yake yalidai kwamba viazi viwe angalau ekari 3. Msichana mmoja mwenye akili nzuri sana aliandika x ≤ 3, x ikiwa ekari za viazi, akatia kivuli upande usiostahili, na kila ncha ya eneo lake ikawa ya uongo mpaka faida ya mwisho. Nilimwita anieleze. Alinisalimia, akafungua karatasi, akaweka kidole kwenye maneno ya Kiingereza "at least", yanayomaanisha "angalau", na kusema, "Mwalimu, humu ndani kuna neno la kidogo kabisa, ndiyo maana nikaweka alama ya kidogo." Alikuwa ametafsiri neno moja moja kwa uaminifu, na maana nzima ikamponyoka. Tangu siku hiyo, kabla mwanafunzi wangu hajaandika alama yoyote ya kutolingana, namtaka ajaribu namba mbili: je, mkulima huyu akilima ekari 2 za viazi, masharti yanakubali? Na akilima 5? Jibu la maswali hayo mawili humwambia alama inatazama wapi, hata kama Kiingereza chake bado ni kichanga.

Kuhusu muundo wa karatasi nitasema machache. Katika muundo niliozoea kuwaandalia wanafunzi, Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, Sehemu B ina maswali 4 ya alama 10 kila moja, muda ni saa tatu, na kikokotoo hakiruhusiwi. Daraja D, la chini kabisa la kufaulu, huanzia alama 30, ambazo ni sawa na maswali matano kamili ya Sehemu A. Mwanafunzi anayekata tamaa mapema anastahili kuonyeshwa hesabu hiyo ubaoni, tena aonyeshwe kwamba alama hutolewa kwa hatua, hivyo swali aliloliacha wazi kwa hofu lingeweza kumpa alama mbili au tatu kwa kuandika fomula sahihi na kuingiza namba mahali pake.

Sasa, namna tunavyofanya kazi. Kila mwanafunzi wangu wa Kidato cha Nne ana daftari la makosa. Ukurasa wa kushoto ananakili mstari uliokosewa kama ulivyo, uwe wake au wa mtahiniwa aliyemo katika taarifa, bila kuusahihisha. Ukurasa wa kulia anaandika, kwa Kiswahili, mwandishi wa mstari ule alikuwa anafikiri nini. Hapa ndipo kazi ilipo, na mwanzoni huandika tu "hakuelewa" au "alikosa umakini." Majibu hayo nayarudisha. Nataka aandike kitu kama "alidhani tarakimu muhimu zinahesabiwa kuanzia sifuri ya kwanza," kwa sababu sentensi ya namna hiyo ina dawa yake, ilhali kukosa umakini hakuna dawa. Chini kabisa anaandika jambo moja la kufanya ili alinase kosa hilo kabla ya msahihishaji. Baada ya wiki mbili analifanya swali lilelile kwenye karatasi tupu, daftari likiwa limefungwa.

Wazazi huniuliza kama muda huo usingetumika vizuri zaidi kwa kufanya mitihani mingi ya zamani. Mitihani ya zamani tunaifanya, lakini mwanafunzi anayefanya karatasi kumi bila kukaa na makosa yake hulifanya kosa moja mara kumi, na mkono wake hulizoea. Kwangu mimi karatasi tatu zilizosomwa hivi, kwa kalamu nyekundu na kwa kubadilishana na jirani wa dawati, zinatosha kwa muhula mmoja.

Novemba inapokaribia, siwapi mada mpya. Nawaambia wafungue daftari na kusoma sentensi za chini tu. Yule msichana wa viazi, katika ukurasa wake wa tarehe ile, alikuwa ameandika: "Jaribu ekari 5 kwanza, halafu ndipo uandike alama."