Mashine ya kufulia ya mkono: kazi yote iko kwenye kurudi nyuma

Siku ya kwanza nilipojaribu pipa langu la kufulia, kabla sijalifungia gia za kugeuza mwelekeo, nilizungusha mkono wake upande mmoja tu kwa dakika kumi. Nilipofunua mfuniko nikakuta mashuka mawili, shati la kazi, kanga na suruali mbili za shule vimejisokota kuwa kamba moja. Shuka lilikuwa limekaza kwenye vigingi kiasi kwamba mke wangu alishika ncha moja nami nikashika nyingine, tukaanza kulifumua. Katikati ya ile kamba kanga ilikuwa na mikunjo ambayo povu halikufika kabisa. Uchafu wake ulikuwa palepale.

Nafundisha ufundi mitambo, na kwa muda sasa nimekuwa nikijenga upya mashine za kufulia za kabla ya umeme ili wanafunzi wazione zikifanya kazi. Nguo zile zilizosokotana zilinifundisha kitu ambacho wabunifu wa zamani walikihangaikia kwa zaidi ya miaka mia moja, nami nilikuwa nimekipita haraka kwenye michoro.

Tuanze na nguo yenyewe. Uzi wa pamba ni mkusanyiko wa nyuzinyuzi ndogo sana, na maji yakishaingia kati yake hutulia humo. Sabuni hubandua mafuta na vumbi, lakini uchafu uliobanduka hauna njia ya kutoka mpaka maji yale machafu yasukumwe nje na mengine safi yaingie. Anayefua kwa mkono hulifanya hilo bila kulifikiria: anakunja, anafikicha, anaachia, anakunja tena. Nguo inabanwa na kuachiwa kama sifongo. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner aliipanga kazi ya kufua katika mambo manne: sabuni, nguvu ya kusugua, joto na muda. Ukipunguza kimoja lazima uongeze kingine. Mashine ya mkono inashughulika na kimoja tu kati ya hivyo, nacho ndicho kinachochosha mgongo.

Mchoro wa mashine ya namna hii ulichapishwa London kwenye jarida la The Gentleman's Magazine mwaka 1752. Ilikuwa pipa lenye mti wa wima katikati, na chini ya mti vijiti vya kuvurugia nguo. Miaka 15 baadaye, mwaka 1767, Jacob Christian Schäffer wa mji wa Regensburg, Ujerumani, alichapa kitabu kizima kuhusu mashine yake ya pipa na vigingi. Schäffer alikuwa mchungaji wa kanisa, mtafiti wa uyoga na wadudu, na ndiye huyohuyo aliyejaribu kutengeneza karatasi kwa viota vya nyigu. Nampenda sana mtu huyu. Aliona kufua nguo ni jambo linalostahili kuchorwa kwa makini uleule aliochorea mbawa za vipepeo.

Njia nyingine ilikuwa pipa la kulala. Henry Sidgier alipata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, Uingereza mwaka 1782, na Marekani James King akapata ya kwake mwaka 1851. Hapa nguo zimo ndani ya tangi linalozunguka. Zinapanda na ukuta, zikifika juu zinaanguka majini. Anguko ndilo linalofua. Lakini lina mpaka wake: ukizungusha kwa kasi kupita kiasi, nguo zinagandamana na ukuta na haziangukii popote. Kwa tangi la kipenyo cha sentimita 50 mpaka huo ni karibu mizunguko 60 kwa dakika. Mtu mwenye haraka anaufikia kirahisi, halafu anashangaa mbona mashine imekuwa nyepesi. Imekuwa nyepesi kwa sababu haifui tena. Hamilton Smith wa Pennsylvania, aliyepata hataza ya mashine ya kuzunguka mwaka 1858, aliongeza mwaka 1863 utaratibu wa kugeuza mwelekeo. Bila shaka naye alishafumua mashuka.

Mimi nilichagua pipa la wima, la aina iliyotengenezwa na William Blackstone wa Bluffton, Indiana, mwaka 1874, kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mkewe. Ni pipa la mbao, na ndani yake ubao ulioning'inia wenye vigingi sita vinavyoelekea chini, kama kigoda kidogo kilichosimamishwa juu ya nguo. Ukizungusha mkono ulio juu, kigoda kinageuka kwenda na kurudi, na vigingi vinazivuta nguo majini huku na huku. Majirani wa Blackstone walizitaka mashine hizo, naye akaanza kuuza. Baadaye akahamishia kazi yake Jamestown, New York.

Utamu wa mashine hizi uko kwenye mfuniko, maana ndipo gia zinapokaa. Tatizo lenyewe ni hili: mkono wa binadamu unapenda kuzungusha upande mmoja bila kusimama, na nguo zinataka kwenda na kurudi. Nani amsikilize mwenzake? Kwenye pipa langu nilifuata njia iliyotumika sana kwenye mashine za mbao za wakati ule. Krenki, yaani ule mkono wa kuzungushia, inazungusha gurudumu zito la chuma. Pembeni mwa gurudumu kuna pini, na kwenye pini kuna fimbo inayosukuma na kuvuta kipande cha gia chenye umbo la kipande cha chungwa. Nilikikata kutoka kwenye gia ya meno 42. Kipande hicho kinayumba nyuzi 60 tu, yaani meno saba, lakini kimeshikana na gia ndogo ya meno 14 iliyo kwenye mti wa wima unaobeba kigoda. Meno saba kati ya kumi na manne ni nusu mzunguko. Kwa hiyo kila ukizungusha krenki mara moja, vigingi vinakwenda nusu mzunguko na kurudi nusu mzunguko.

Shika krenki hiyo uisikie. Vigingi vinapofika mwisho wa safari vinasimama kwa kitambo, na mkono unakuwa hauna mzigo. Halafu vinaanza kurudi, maji bado yanakwenda kule yalikokuwa yanakwenda, nguo zinabanwa kati ya maji na vigingi, na hapo mkono unaelemewa. Pigo hilo la maji kinyume na nguo ndilo linaloyatoa maji machafu ndani ya uzi. Gurudumu zito linabeba nguvu ya kitambo kile chepesi na kuirudisha mzigo unapozidi. Nililiondoa siku moja ili nione tofauti, na mwanafunzi mwenye nguvu zake aliomba kupokewa baada ya dakika nne.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho kwangu ndicho kilele cha ubunifu wote. Mti wa wima ni wa pembe nne, na tundu la gia ndogo nalo ni la pembe nne, lakini haukufungwa. Unateleza juu na chini huku unageuzwa. Ukitia nguo nyingi, kigoda kinapanda na kuzikalia kwa uzito wake. Ukitia chache, kinashuka kuzifuata. Hakuna skrubu ya kurekebisha wala springi. Mimi kwa ujuaji wangu wa mwanzo niliufunga kwa bolti, na nguo za fungu kubwa zikakwama.

Mbao nayo ina tabia zake. Pipa la mbao zilizoshikwa na pete za chuma huvuja likikauka na kuziba likilowa. Langu lilivuja siku mbili mfululizo kabla mbao hazijavimba, na tangu hapo naliachia maji kidogo chini. Vigingi lazima vikerezwe vikawa laini kama mwiko wa zamani. Kibanzi kimoja kinatosha kuchana shuka.

Lakini pipa zuri kiasi gani, halijamaliza kazi. Maji yalitakiwa yachotwe, yachemshwe, yamiminwe, yamwagwe, kisha mengine ya kusuuza. Lita 60 za kufulia ni kilo 60, na kwa suuza mbili unakuwa umebeba kilo 180 kabla hujaanika hata soksi. Halafu kukamua. John Turnbull wa New Brunswick, Kanada, alipata hataza ya mashine ya kufulia yenye roli za kukamulia mwaka 1843. Roli mbili zinabanwa pamoja, nguo inapita katikati, maji yanabaki nyuma. Mpira ulipoanza kuvishwa roli, zikawa zinashika vizuri zaidi. Shati unalikunja vifungo vikae ndani, la sivyo vinavunjika kimoja baada ya kingine.

Kwenye kipande hiki cha kukamulia kuna jina ambalo wanafunzi wangu wote huliandika ubaoni. Ellen Eglin, mwanamke mweusi wa Washington aliyefanya kazi za ndani, alibuni kikamulio chake, na mwaka 1888 akauza haki zake zote kwa dola 18. Hataza ikatoka kwa jina la mwingine.

Roli zangu bado ni za mbao tupu na zinateleza kwenye mashuka. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli nimeshaukata, Jumamosi tunauvisha.