Kutu si kila kinachoota chini ya kapo (boneti)

“Papa, moteri yote imeshika kutu.” Ni mara ya tatu mwezi huu nasikia hivyo hapa Lubumbashi, na mara zote tatu kidole cha fundi kilikuwa kinaonyesha kitu kingine. Juzi kilionyesha unga wa kijani kwenye vichwa vya betri ya pikapu yangu.

Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni penye maji. Basi, maana imekwisha. Pasipo chuma hakuna kutu.

Kinachonikera ni kijani kuitwa kutu, tena katika mji huu. Jimbo letu liliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, tumeiona tangu utoto, imechongwa shanga na visahani. Kijani kile ni shaba iliyoungana na vitu vingine. Kwenye betri, mvuke wa asidi umekula shaba ya kibanio, ikawa chumvi ya kijani au ya bluu. Wafaransa, ambao tumewaazima “rouille” yao, yaani kutu, hawachanganyi. Neno hilo limetoka kwenye Kilatini, robigo, la ukoo mmoja na neno la wekundu. Ndiyo maana Warumi waliita robigo hata ugonjwa unaotia ngano madoa mekundu, na sisi, bila kumuuliza Mrumi yeyote, tunasema kutu ya ngano na kutu ya majani ya kahawa. Rangi ndiyo iliyolibeba neno toka chuma hadi shambani. Kijani cha shaba wana jina lake, vert-de-gris, ambalo zamani lilikuwa “kijani cha Ugiriki”. Anayesema kutu ya kijani amesema wekundu wa kijani.

Unga mweupe kwenye alumini nao si kutu. Tabaka la kwanza la alumini hushikamana likaziba hewa, kilicho ndani kikapona. Kutu haina adabu hiyo: huvimba, kwa kuwa inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ikabanduka magamba, na maji yakapata njia tena. Bolti ya bomba la moshi inayokataa kufunguka imevimba humo humo kwenye tundu lake.

Mwaka jana fundi mmoja alisugua kichwa cha injini, kulasi kama tunavyosema hapa, kwa msasa mkali ili “atoe kutu”. Kulasi ya alumini! Uso ukabaki na mabonde, jointi inayokaa kati yake na bloku, mwili wa injini, ikashindwa kuziba, maji yakaingia kwenye mafuta. Nilipochomoa kijiti cha kupimia, mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Kutu yenyewe ipo, ila hatuitazami. Injini ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha rejeta: gari linalonyweshwa maji ya bomba matupu, na bloku yake ni ya chuma, litakuonyesha maji mekundu kama matope ya Januari.

Kwa hiyo, ndugu fundi, kazi yako siikatai. Kile cha kwenye betri kiite kijani cha shaba. Tufungue waya wa hasi kwanza, tukimwagie maji ya moto yenye bikaboneti (soda ya kuokea) kidogo. Msasa uache kwenye kisanduku mpaka tufike kwenye bomba la moshi.