Mwalimu Mkuu: Anavyopatikana, Anavyoandaliwa na Anavyopimwa

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kuwaandaa viongozi wa shule hapa Moshi na katika wilaya za jirani, na lipo jambo moja ambalo ningependa maofisa elimu, wajumbe wa kamati za shule na walimu wenzangu walitazame kwa makini. Tunamteua mwalimu mkuu kwa kigezo kimoja, tunamfundisha kwa kigezo kingine, kisha tunampima kwa kigezo cha tatu ambacho hakihusiani na viwili vya kwanza. Huteuliwa kwa sababu alikuwa mwalimu mzuri darasani, au ana miaka ya kutosha kazini na jalada lake halina doa. Akibahatika kupata mafunzo, hufundishwa kanuni za utumishi na za fedha. Siku ya kumpima ikifika, huulizwa shule yake imekuwa ya ngapi kiwilaya katika mtihani wa darasa la saba. Swali ambalo lingepaswa kuziunganisha hatua zote hizo, yaani iwapo ufundishaji katika madarasa ya shule hiyo unazidi kuwa bora kwa sababu yake, haliulizwi kwa uzito unaostahili.

Kazi yenyewe imebadilika upesi kuliko tunavyobadilisha namna ya kumtafuta mtu wa kuifanya. Tangu Januari 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, sehemu ya ruzuku ya uendeshaji, ambayo hukokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na 25,000 kwa wa sekondari kila mwaka, huingia katika akaunti ya shule, na mkuu wa shule ndiye anayeitolea hesabu. Mwaka 2021 fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilileta ujenzi wa madarasa nchi nzima kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule yenyewe hununua vifaa na kumlipa fundi. Mwalimu aliyesomea kufundisha Kiswahili na Jiografia alijikuta akiunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, akihesabu mifuko ya saruji inayoshushwa na kubishana na muuzaji kuhusu ubora wa kokoto. Silalamikii ujenzi huo, kwa kuwa watoto walihitaji pa kukaa. Ninachosema ni kwamba siku ya mkuu wa shule ina saa zile zile, na kinachosukumwa nje ya ratiba yake huwa ni darasa, kwa sababu darasa halina mkaguzi wa hesabu anayelidai stakabadhi.

Matokeo yake yanaonekana. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 kuhusu utoaji wa huduma, uliotumia ziara za kushtukiza, ulikuta kwamba karibu nusu ya walimu wa shule za msingi nchini hawakuwa darasani wakati wa vipindi, ingawa wengi wao walikuwa wamefika shuleni. Mwalimu aliyefika shuleni na kusaini daftari la mahudhurio, kisha akabaki chini ya mti au katika chumba cha walimu akisahihisha, ni suala ambalo haliwezi kutatuliwa na waziri wala na mkurugenzi wa halmashauri. Anayeweza kulitatua ni mtu mmoja tu, yule ambaye ofisi yake iko hatua chache kutoka mlango wa darasa lisilo na mwalimu.

Tumpateje mtu huyo? Kwa kawaida nafasi ya mwalimu mkuu haitangazwi, hakuna anayeiomba, na hakuna usaili. Jina hupendekezwa kutoka chini, hupitiwa na ofisi ya elimu, na siku moja mwalimu hupokea barua. Utaratibu huu umetupatia viongozi wengi wazuri, lakini pia una udhaifu ambao sote tunaujua: mwalimu hodari asiyefahamika nje ya kata yake hubaki hafahamiki. Wanawake ndio wanaoumia zaidi. Katika shule zetu za msingi wanawake ni sehemu kubwa sana ya walimu, ila ukienda kwenye kikao cha walimu wakuu utawahesabu kwa urahisi. Sababu hazijafichika. Uteuzi mara nyingi huja pamoja na uhamisho, shule ya mbali haina nyumba ya mwalimu, na mwalimu mwenye watoto wadogo hutakiwa kutoa jibu ndani ya siku mbili.

Pendekezo langu ni kwamba nafasi itangazwe ndani ya halmashauri, walimu waombe, na wachache watakaochujwa wapewe kazi halisi ya kufanya badala ya maswali ya kukariri. Mwombaji akae nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja, kisha azungumze na mwalimu aliyefundisha huku jopo likisikiliza. Apewe matokeo ya miaka mitatu ya shule asiyoijua na aeleze anachokiona, na angeanzia wapi. Aelezwe mgogoro wa kweli wa chumba cha walimu, bila majina, na aseme angemwita nani kwanza na kwa nini. Jopo liwe na ofisa elimu, mthibiti ubora wa shule, mwalimu mkuu mzoefu kutoka kata nyingine na mjumbe wa kamati ya shule inayohusika. Kazi hii huchukua siku moja. Nimeona namna waombaji wanavyotofautiana wanapokaa mbele ya mwalimu mwenzao: mmoja anatoa hukumu, mwingine anauliza swali na kusubiri jibu, na tofauti hiyo haionekani kabisa katika vyeti vyao.

Kuhusu maandalizi, nchi yetu haikuanza leo. Bagamoyo kuna Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, uliorithi kazi ya chuo cha MANTEP, na stashahada yake ya uongozi na usimamizi wa elimu imewajenga watu wengi ninaowaheshimu. Tatizo ni mpangilio wa wakati. Wengi hupata mafunzo wakiwa tayari wameshika ofisi, baada ya mazoea kukomaa, na mara nyingi mafunzo yenyewe ni ya siku chache ukumbini, yakiwa na mambo mengi ya kunakili. Mahali pazuri pa kumwandaa mwalimu mkuu tunapo tayari, nako ni kwenye nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi na ile ya mwalimu wa taaluma. Leo msaidizi katika shule nyingi ni mtu wa kugawa chaki, kupanga zamu na kukaimu bosi anapokwenda wilayani. Tukiifanya nafasi hiyo kuwa ya uanafunzi wa uongozi kwa miaka miwili, akiwa na mlezi kutoka shule nyingine na majukumu yanayoongezeka hatua kwa hatua, siku ya kupokea barua hatakuwa mgeni wa kazi. Vyama vya wakuu wa shule, TAPSHA kwa msingi na TAHOSSA kwa sekondari, vina wazoefu wa kutosha wa kufanya ulezi huo, na vikao vyao vingefaidika sana kama nusu ya muda ingetumika ndani ya madarasa ya shule mwenyeji.

Na ni nini hasa cha kujifunza? Mwaka 2008 Viviane Robinson, mtafiti wa New Zealand, na wenzake walikusanya tafiti kuhusu uhusiano kati ya uongozi wa shule na matokeo ya wanafunzi, wakalinganisha mambo ambayo viongozi hufanya. Lililohusiana zaidi na kujifunza kwa wanafunzi lilikuwa kiongozi kushiriki yeye mwenyewe katika kujifunza na kuendelezwa kwa walimu wake, si kuwaandalia semina na kuondoka. Sisi tuna mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambao umejengwa juu ya walimu kujifunza pamoja shuleni. Shule ambayo mwalimu mkuu hukaa katika vikao hivyo, na kuleta somo lake mwenyewe lijadiliwe, huwa na vikao vya kweli. Pale anapoagiza tu taarifa ya mahudhurio, ndicho anachokipata.

Nitoe mfano mmoja wa kile ninachokiita uongozi. Katika shule moja ya Uru, hapa Moshi, mwalimu mkuu, mama mmoja, aliingia darasa la pili wakati wa kipindi cha kusoma. Mwalimu aliandika silabi ubaoni, darasa zima likaitikia kwa sauti nzuri, na mgeni angeondoka ameridhika. Mama yule alikwenda kukaa dawati la nyuma, akafungua kitabu, akawaomba watoto watatu wamsomee mmoja mmoja kwa sauti ya chini. Mmoja alisoma. Wawili walikuwa wakiitikia kwa kufuata sauti za wenzao. Wakati wa mapumziko hakumwita mwalimu ofisini, bali alimfuata darasani na kumwambia, “Madam, darasa lako linapendeza. Hebu tuwasikilize wote wa nyuma kesho, mimi nikae nao kumi, wewe kumi, tuone tunafanyaje.” Kesho yake alirudi. Kuna ujuzi mwingi ndani ya tendo hilo: kujua pa kukaa, kujua cha kusikiliza, kumlindia mwalimu heshima yake mbele ya watoto, na kurudi siku ya pili. Ujuzi wa namna hiyo unafundishika, lakini haufundishiki ukumbini.

Kwenye upimaji ndipo penye mambo mazito zaidi. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora kitaifa mwaka 2023, na nadhani liliamua vema. Hata hivyo vikao vya tathmini vya wilaya na kata bado hupanga shule kwa wastani wa ufaulu, na mkuu wa shule ya mwisho husimamishwa ajieleze. Mpangilio huo hupima zaidi watoto walikotoka kuliko shule ilichofanya. Shule ya mjini Moshi yenye watoto waliopitia chekechea na wanaosaidiwa nyumbani hailingani na shule ya tambarare ambako darasa limefurika na watoto hutembea mbali. Takwimu za kupima vizuri zaidi zipo. Kila mtoto hufanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne kabla ya ule mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo tunaweza kulinganisha kundi lile lile la watoto na kuona shule imewasogeza kiasi gani kuliko shule nyingine zilizoanza na watoto wa kiwango hicho. Katika shule za ukanda wa juu wa mlima, ambazo darasa la saba linaweza kuwa na watoto wachache sana, mwaka mmoja hauna maana, kwani watoto wawili wakiugua wastani huporomoka. Ni lazima kutumia wastani wa miaka mitatu.

Kwa upande wa utumishi, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, PEPMIS, umechukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, na umesaidia kuweka kumbukumbu za kazi zilizopangwa na zilizokamilika. Lakini kukamilisha kazi si sawa na kubadilisha shule. Jimbo la Madhya Pradesh nchini India lilianzisha mpango wa kukagua shule, kuzipa alama na kuzitaka ziandike mipango ya maboresho. Karthik Muralidharan na Abhijeet Singh walipoufuatilia kwa jaribio la kisayansi, walikuta ukaguzi umefanyika na mipango imeandikwa, lakini ufundishaji haukubadilika wala watoto hawakujifunza zaidi. Hata hivyo mpango huo ulisambazwa katika mamia ya maelfu ya shule. Ninauogopa mwelekeo huo hapa kwetu, kwa sababu karatasi zinazojazwa vizuri humridhisha kila mtu isipokuwa mtoto.

Kwa hiyo tathmini ya mkuu wa shule iwe na ushahidi wa aina tatu tu: maendeleo ya watoto kwa namna niliyoeleza, ripoti ya mthibiti ubora aliyeingia madarasani pamoja na mkuu mwenyewe na kusikiliza mazungumzo yake na walimu, na maoni ya walimu yanayokusanywa kwa siri na mtu wa nje ya shule. Ikifuatwa na barua peke yake, haitasaidia. Ifuatwe na mlezi na muda maalumu wa kujirekebisha.

Na yule asiyeweza hata baada ya kusaidiwa? Tangu elimu bila ada ianze, mwalimu mkuu hulipwa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi na mkuu wa shule ya sekondari 250,000. Kumwondoa ni kumpunguzia kipato na kumwaibisha mbele ya jamii, hivyo wakubwa husita na badala yake humhamishia shule nyingine, ambako watoto wengine hupokea mzigo ule ule. Ningependa uteuzi uwe wa miaka minne inayoweza kurudiwa, ili kurudi kufundisha kuwe jambo la kawaida la mwisho wa muhula, na mwalimu hodari wa Hisabati aliyejaribu uongozi na kuona haumfai aweze kuingia tena darasani akiwa na cheo chake cha utumishi na heshima yake yote.