Mfunue mtoto nguo, uhesabu pumzi

"Dokta, ni mafua tu." Kauli hiyo naisikia karibu kila siku, na mara nyingi mama huwa amesema kweli. Mafua ya kawaida huisha yenyewe. Mnyonyeshe mara kwa mara, msafishe pua, na hela ya dawa ya kikohozi ya chupa ibaki mfukoni.

Ninachokiogopa ni nimonia, ugonjwa wa mapafu, maana nayo huanza hivyo hivyo. Wazazi wengi husikiliza kikohozi au hugusa paji la uso. Mimi nakuomba utazame pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue nguo mpaka tumbo lionekane. Washa saa ya simu, uhesabu kila tumbo linapopanda, dakika nzima. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne: mtoto mchanga huhema mbio, akatua, akaanza tena, na hesabu ya mkato itakudanganya. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 mpaka kabla hajatimiza mwaka, ni 50. Mwaka 1 mpaka kabla ya 5, ni 40. Zikifika hapo, nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama hana joto.

Tazama pia chini ya mbavu. Kama panabonyea ndani kila anapovuta pumzi, mapafu yanahangaika. Mama mmoja aliniletea video aliyoichukua usiku kwa tochi ya simu: shati limepandishwa hadi kidevuni, mbavu zinazama na kurudi. Pale kliniki mtoto alikuwa akilia na kujinyonganyonga, hahesabiki. Video ile ndiyo iliyonifanya nimshughulikie kabla ya wengine waliokuwa kwenye foleni.

Linaloniumiza ni kimeo. Mtoto anakohoa, anapelekwa kukatwa kimeo, na siku mbili tatu za thamani zinapotea. Kimeo ni kinyama ambacho kila mmoja wetu anacho kooni, wala hakileti kikohozi. Kukikata kunaweza kumwaga damu nyingi, na wembe mchafu huleta pepopunda. Bibi anayempeleka simlaumu. Aliona watoto wakikatwa na kupona, lakini wale walikuwa na mafua ambayo yangepona bila wembe. Mwenye nimonia anahitaji antibayotiki, mara nyingi amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, kwa kipimo cha mtaalamu na mpaka dozi iishe. Mabaki ya dozi ya kaka yake usimpe.

Malaria nayo humfanya mtoto aheme haraka, kwa hiyo akitobolewa kidole apimwe malaria, usikatae.

Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea hata haamki vizuri, usimhesabu. Ondoka naye usiku huo huo. Na wa chini ya miezi 2 akiwa wa moto, au wa baridi kuliko kawaida, au ameacha kunyonya vizuri, naye usisubiri kuche.

Ukija, njoo na kadi ya kliniki. Na kama ulihesabu, niambie ulipata ngapi na ilikuwa saa ngapi.